Sifuri kwenye Shamba la Ntumba

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti ofisi ya kilimo pale Sumbawanga mjini nikiwa nimevaa koti la baba, maana ulikuwa mwezi wa sita, na upepo wa Ufipa mwezi wa sita hauna adabu. Bwana Shamba Mkuu alikuwa mtu wa pwani, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama nina viatu vya kutembelea. Nilipomwonyesha vile nilivyovaa alivitazama kwa huruma, akaingia stoo, akatoka na mabuti yaliyoachwa na mtu aliyehamishwa. Juu ya mabuti aliniwekea mnyororo wa kupimia, ule wa chuma wenye pete, mzito kama mtoto wa mbuzi.

"Kijana," aliniambia, "kazi hii ni ya miguu na masikio. Ukifika shambani usianze kuandika. Lizunguke kwanza. Halafu kaa na mwenye shamba. Ukishakaa ndipo uulize."

Naanza na maneno hayo kwa sababu nina hasira, na ninyi mnaoanza kazi hii leo nataka mjue hasira hiyo imetoka wapi. Wenzangu tuliostaafu pamoja wananiambia niachane nayo, ninywe chai yangu nipumzike. Nimejaribu. Chai nakunywa, hasira haiondoki.

Basi kazi yetu ilikuwa hivi. Watu wawili walishika mnyororo, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakapima kila upande wa shamba, na mtu wa tatu akasoma dira ili tujue pembe. Jioni tulichora umbo la shamba kwenye karatasi ya miraba na kukokotoa eneo lake. Wakati wa mavuno tulitumia fremu ya mbao tuliyoiita mraba. Tuliiweka shambani mahali palipopatikana kwa bahati nasibu, si mahali palipostawi ili tumfurahishe mkubwa, na kilichoota ndani yake tulikivuna, tukakikausha, tukakipima, kisha tukakadiria mavuno ya shamba zima. Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na kipengele tulichokiita hali ya shamba. Hapo hatukuandika namba. Tuliandika maneno: limepandwa mahindi yaliyochanganywa na maharage, limepumzishwa mwaka wa pili, limeliwa na ng'ombe upande wa mtoni, lina ntumba.

Kwa msomaji ambaye si wa huku, ntumba ni hivi. Masika yakishakolea, majani yakiwa marefu na udongo laini, Mfipa huchukua jembe, akakata udongo pamoja na majani yake, akaugeuza juu chini na kuurundika. Majani yanabaki ndani. Shamba zima linajaa vichuguu vya duara, kila kimoja kinafika gotini au kupita kidogo. Juu yake wengine hupanda maharage. Maharage yakishavunwa, ntumba huachwa kiangazi kizima, na ndani ya vile vichuguu majani yanaoza polepole na kuwa mbolea. Hakuna anayeingia shambani kipindi hicho, na mtoto akichezea ntumba anachapwa. Mvua za kwanza zikianguka, ntumba huvunjwa na kusambazwa, ulezi unamwagwa, na unaota kwa namna ambayo mbolea ya mfuko haijawahi kunionyesha.

Bwana Shamba Mkuu aliziona ntumba kwa mara ya kwanza nikiwa naye, upande wa Mpui, mwezi wa nane. Alisimama, akavua kofia.

"Watu hawa walipatwa na nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Alidhani ni makaburi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye alipoelewa akacheka kuliko mimi, akavaa kofia yake. Halafu akafanya kile alichonifundisha. Alilizunguka shamba lote. Akaenda kukaa na mwenye shamba, mzee mmoja aliyekuwa anachonga mpini, akamwambia, "Shikamoo mzee, mimi ni mgeni, naomba unifundishe." Tuliondoka pale jua likiwa limeinama. Tangu siku hiyo, akisikia mtaalamu yeyote kutoka nje anasema Wafipa wanaacha ardhi yao mapori, alikuwa anagombana naye pale pale, hata kama mtaalamu huyo amekuja na gari la serikali.

Nilihamishiwa Mwimbi, kisha nikarudishwa upande wa Kaengesa, na huko ndiko nilikokutana na neno ambalo limenigharimu usingizi uzeeni. Nyumba yangu ilipakana na ya Mwalimu wa Hisabati wa shule moja ya misheni. Alikuwa mtu mrefu asiyeweza kukaa bila kufundisha; ukimwomba chumvi atakueleza imetengenezwa na nini. Siku moja nilimkuta uani amechimba vishimo kwenye mstari, ana bakuli la maharage, anajiandalia somo.

"Hii ni binari," alisema. "Namba za mbili. Kila shimo lina hali mbili tu: lina harage au halina. Harage ni moja, shimo tupu ni sifuri."

Nilimwambia mchezo huo ni wa watoto, kwa kuwa shimo lenye ndiyo au hapana litakuambia nini.

"Shimo moja halikuambii karibu kitu chochote," alinijibu. "Ndiyo maana sikuchimba moja." Akanionyesha. Shimo la mwisho kulia lina thamani ya moja, linalofuata mbili, linalofuata nne, linalofuata nane. Ukiweka harage la kwanza na la tatu, umeandika tano. Akaongeza vishimo, akaandika umri wangu, kisha hesabu ya wanafunzi wa shule nzima, kwa maharage na mashimo matupu. "Nipe mashimo ya kutosha," alisema, "nitakuandikia kila kitu kilichoko Rukwa. Ninyime mashimo, sitaweza kukuandikia hata jina la mbuzi."

Kwa kuwa hakuweza kuishia hapo, aliniambia kuwa neno hilo linatembea kila mahali. Kwenye kemia, kitu kilichoundwa kwa elementi mbili tu huitwa kampaundi binari, na ile chumvi niliyomwomba ni mojawapo: elementi moja inalipuka ikigusa maji, nyingine ni hewa yenye sumu, zikiungana unaweka kwenye maharage unakula. Kwenye elimu ya nyota ziko nyota binari, ambazo ukitazama kwa macho unaona moja, kumbe ni mbili zinazungukana na hakuna inayoweza kwenda bila mwenziwe. Jumapili alikuwa anapiga kinanda kanisani, kwa hiyo aliniambia hata muziki una umbo la binari, sehemu ya kwanza inaondoka nyumbani na ya pili inarudi. Wiki hiyo hiyo Sista wa zahanati, aliyesikia tunabishana, aliniita nitazame kwenye hadubini yake. Alisema vile vijidudu vya bakteria vinazaliana kwa mgawanyiko wa binari, kimoja kinajigawa kuwa viwili. Niliona kimoja kimebinywa katikati, hakijawa viwili bado na si kimoja tena.

"Sasa hicho unakihesabu kimoja au viwili?" nilimuuliza.

"Nasubiri," alisema Sista. "Nikiharakisha nitahesabu uongo."

Mambo hayo niliyaweka kichwani kama mtu anavyoweka misumari kwenye kopo. Sikujua nitayahitaji.

Nilipandishwa cheo, nikarudi Sumbawanga mjini. Bwana Shamba Mkuu alikuwa amestaafu na kurudi kwao pwani. Nafasi yake ilipitiwa na wakubwa kadhaa, wengine wema, mmoja mlevi, mpaka tukaletewa Mkuu wa Mipango, mwanaume nadhifu aliyependa kusema "kwa kifupi" halafu akasema kwa urefu. Wakati wake tulipelekwa semina ya kompyuta. Mkufunzi alikuwa mwanamke kijana mwenye subira kubwa, na alipoandika sifuri na moja ubaoni nilimwambia hizo nazijua, ni za maharage. Darasa lilicheka, yeye hakucheka. Alisema ni kweli kabisa: kompyuta haijui kitu ila umeme upo au haupo, na ili iandike herufi moja tu, hata ile herufi a, inapanga tarakimu nane. Picha ya kichwa cha mtu inakula mamilioni. Nilifurahi kwa niaba ya Mwalimu wangu. Mashine ile ilikuwa na adabu kuliko nilivyodhani, maana haikutegemea shimo moja.

Hasira ilianzia kwenye ramani. Ilikuja teknolojia ya picha za setelaiti, na mimi sikuipinga, msije mkasema mzee huyu aliogopa maendeleo. Mtu aliyevuta mnyororo wa chuma kwenye matope ya Mwimbi hawezi kuchukia picha inayopigwa kutoka angani. Picha ile imekatwa vimraba vidogo viitwavyo pikseli, na kila pikseli ina rangi zake, na ndani ya rangi hizo mna habari nyingi kwa anayejua kusoma. Lakini Mkuu wa Mipango alitaka ramani rahisi ya kuwaonyesha wakubwa. Akaagiza kila pikseli ipewe alama moja kati ya mbili: moja kama ardhi inatumika, sifuri kama haitumiki. Waliita ramani binari. Picha yenyewe ilikuwa imepigwa kiangazi, kwa sababu masika mawingu yanaziba.

Nilipoiona nilitafuta Mpui. Bonde zima lilikuwa sifuri, nikajua ni ntumba.

"Mheshimiwa," nilimwambia, "hapa watu wanalima."

"Picha inaonyesha majani makavu na vichuguu."

"Ndiyo kulima kwenyewe. Hicho ni kilimo cha ntumba, majani yanaoza ndani, mvua zikinyesha..."

"Mzee wangu," alinikatiza, akitabasamu, "kwa kifupi, mfumo hauna nafasi ya hadithi. Inatumika au haitumiki. Ukianza kuongeza hali ya tatu, kesho utaniletea ya nne, na ya tano. Tutamaliza lini?"

Nilimwambia tutamaliza tukishamaliza, kazi si ndiyo hiyo. Niliandika maelezo yangu, nikayafikisha, nikayarudia kwenye vikao viwili. Waliyapokea vizuri, wakanishukuru, wakaipeleka ramani yao vile vile ilivyokuwa. Muda si mrefu nikastaafu. Waliniandalia soda na keki, na Mkuu wa Mipango akahutubia kwa kifupi mpaka soda zikapata joto.

Nilijenga kwenye kitongoji kimoja bondeni, nyuma ya Mpui, kwa sababu mke wangu ana ndugu huko na maji si mbali. Jirani yangu ni Mama Skola. Jina lake ni Skolastika, lakini hakuna anayelimaliza. Ni mjane wa umri wangu au pungufu kidogo, na ana shamba moja tu, lile aliloachiwa na mumewe, linalopanda kutoka njiani hadi kwenye mawe. Hana jingine. Wanawe wako Tunduma na Mbeya wanahangaika na ya kwao. Ulezi wa shamba lile ndio ugali wake, ndio pombe ya kuwapa watu wanaomsaidia kulima, ndio sabuni na mafuta ya taa. Nawaambia hivyo ili mjue tunazungumzia nini. Shamba likiondoka, Mama Skola anakwenda kukaa kwenye kochi la mkwe.

Mwaka juzi alikuwa amelijenga ntumba. Mimi mwenyewe nilikwenda siku ya kazi, nikashika jembe kwa muda kidogo halafu nikashika kibuyu kwa muda mrefu zaidi. Zilikuwa ntumba nzuri, zimepangwa kwa mistari hadi kwenye mawe. Akavuna maharage ya juu, akaziacha zilale.

Kiangazi kikafika, na karani wa takwimu akafika na pikipiki, kijana wa mjini mwenye kofia ya rangi, ameshika kishikwambi. Ofisi iliyomtuma sitaitaja, sina haja ya kuitwa. Mama Skola alinisimulia baadaye kanisani, lakini sehemu kubwa niliisikia mwenyewe, kwa sababu walisimama njiani karibu na ua wangu.

"Shikamoo mama. Shamba hili ni lako?"

"Marahaba mwanangu. Ni langu."

"Msimu huu linatumika?"

"Lina ntumba."

Kijana alitazama kioo chake. "Yaani ndiyo au hapana?"

"Lina ntumba, mwanangu. Limelala."

"Mama, hapa kuna vitufe viwili tu. Limelimwa, halijalimwa. Nibonyeze kipi?"

"Hebu weka kwamba lina ntumba."

Alipiga simu kwa mwenzake. "Oya mshikaji, hapa nimekwama. Bimkubwa anasema shamba lina tumba sijui ntumba. Eeh. Hakuna mazao. Hapana, ni vichuguu tu na majani makavu." Akasikiliza, akaitikia, "Poa." Akainua kishikwambi, akapiga picha akiwa amesimama pale pale njiani. Ule mfumo ulikuwa umeshamwekea jibu kutoka kwenye ramani ya zamani, sifuri, naye alitakiwa kuthibitisha tu.

Nilitoka nje nikamwambia avuke mtaro aingie shambani, nimwonyeshe. Aliniamkia vizuri, hakuwa mtoto mbaya. Akasema, "Mzee, nina kaya nyingi leo, na nikiandika maelezo mfumo unanigomea." Akawasha pikipiki. Hakulizunguka shamba. Hakukaa. Alifanya lile moja la mwisho alilotufundisha Bwana Shamba Mkuu, kuuliza, na hilo nalo akalifanya nusu.

Kabla kiangazi hakijaisha, tangazo likabandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Ardhi isiyotumika itatengwa kwa ajili ya shamba kubwa la pamoja litakalokuja na mwekezaji. Bonde letu lilikuwamo karibu lote, na shamba la Mama Skola lilikuwamo lote. Alikuja kwangu amefunga kanga kiunoni, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Shemeji," aliniambia, hivyo ndivyo anavyoniita kwa sababu ya mke wangu, "wewe ulikuwa mtu wa ofisi. Waambie."

Uliitishwa mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wetu alikuwa upande wetu lakini alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa huwa anafungua mkutano kwa maneno mengi. Alikuja Ofisa Mipango kutoka huko juu, si yule wa zamani, mwingine, na yule karani akiwa nyuma yake. Nilisimama. Niliwaeleza ntumba tangu kukatwa hadi kusambazwa. Ofisa alinisikiliza, akasema anaheshimu mila, lakini takwimu ndizo zinazosema, na takwimu ni binari, yaani ni za kisasa, hazina upendeleo.

Hapo nikawaka. Nilimwambia neno hilo asilitumie mbele yangu kama fimbo ya kuchungia, maana mimi nimelijua kabla yeye hajaota meno. Nilimwambia binari ya hisabati haijawahi kuandika jambo la maana kwa shimo moja. Hata hiyo kompyuta yako, nilisema, inatumia tarakimu nane kuandika herufi a, na ninyi mmetumia tarakimu moja kuandika maisha ya mjane. Mngeuliza: limelimwa? Lina ntumba? Ntumba ni za mwaka huu? Kila swali na ndiyo au hapana yake, maswali manne matano tu, na mngekuwa na ukweli wote mkononi na bado ingekuwa binari ile ile. Hamkukosa teknolojia. Mlikosa kuongeza mashimo. Mlichimba moja mkachoka, mkaliita la kisasa.

Watu walipiga makofi. Nawaambia ukweli, nilijisikia vizuri kwa muda wa kama kuvuta pumzi mbili. Kisha Mama Skola akasema twende shambani, na tukaenda wote. Alichagua ntumba moja ya kati, akaifungua kwa jembe. Ndani mlikuwa na udongo mweusi wenye unyevu, na hapo ilikuwa kiangazi kikavu ambacho vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Yule karani alipiga goti akaushika, akaunusa. Ofisa naye aliinama akautazama.

"Naelewa," alisema, na naamini alielewa. "Lakini kipengele hicho hakimo. Mfumo hautakubali mpaka ufanyiwe marekebisho, na hayo si yangu. Ninachoweza kuwasaidia ni hiki. Kutakuwa na uhakiki kabla ya mvua. Shamba litakalokutwa udongo wake umegeuzwa litasomeka limelimwa."

Watu wa mjini wakisoma hapo watasema, si afadhali, alitoa njia. Wafipa waliokuwa pale waliijua gharama yake. Ntumba ikivunjwa kabla ya mvua, majani hayajamaliza kuoza, jua linakausha kile kilichooza, na upepo wetu wa mwezi wa tisa unamaliza kazi. Alikuwa anatuambia, kwa upole na kwa nia njema, tuharibu mashamba yetu ili yahesabike kuwa ni mashamba.

Niliwaambia watu wasubiri, niandike barua, niende mjini. Nilikwenda. Nilizungushwa mlango hadi mlango na vijana wenye heshima, kila mmoja akiniamkia na kuniambia suala langu ni la mlango unaofuata. Niliporudi, Mama Skola alikuwa hajasubiri.

Nilimkuta yuko katikati ya shamba na jembe. Alikuwa ameanzia juu kwenye mawe anateremka, anavunja ntumba moja moja, na vumbi jeusi linaondoka kuelekea bondeni, juu ya njia, juu ya paa langu. Hakuwa analia. Mashamba ya pande zote watu walikuwa wanafanya hivyo hivyo, wakati ambao miaka yote huwa hakuna jembe linalosikika. Nimefanya kazi ya kilimo maisha yangu yote, nimeona viwavi, nimeona ukame, nimeona mahindi ya watu yakioza kwa kukosa barabara. Sijawahi kuona watu wakiharibu mbolea yao kwa mikono yao ili waonekane wanalima. Nilitamani kumnyang'anya lile jembe. Nilikwenda nyumbani nikachukua langu nikamsaidia.

Karani alirudi kwa uhakiki. Safari hii alivuka mtaro, akatembea shamba zima, akabonyeza ndiyo. Hakutuangalia usoni. Shamba lilibaki la Mama Skola. Ulezi wa mwaka ule uliota mwembamba na wa njano, akavuna kidogo sana, na wanawe walileta unga wa dukani kutoka Tunduma. Ofisi nayo ilitupongeza. Mwenyekiti alisoma barua mbele ya watu kwamba kijiji chetu kimeongeza ardhi inayotumika.

Mmeniuliza, ninyi vijana mnaonitembelea mkitoka vyuoni, kustaafu kumenifundisha nini. Kumenifundisha kwamba mabuti yale makuukuu yalikuwa kifaa bora kuliko nilivyojua. Vishikwambi vyenu ni vizuri, vichukueni, lakini mkikuta vitufe viwili na jibu la mtu halimo, msimwambie mtu achague. Rudini mkagombane na aliyetengeneza vitufe. Mimi niligombana naye nikashindwa, na bado nasema mkagombane naye. Sista alisubiri kiumbe asichoweza kukiona kwa macho kimalize kujigawa ndipo akihesabu. Mama mzima anasimama mbele yako anakuambia jambo mara tatu, nawe huna subira ya kuvuka mtaro.

Mwaka huu Mama Skola amejenga ntumba tena. Nilikwenda kumtazama wiki iliyopita, kiangazi kimeshakaza, nikamkuta anapanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Pembeni mwa njia, urefu wote wa shamba, amelima tuta jembamba na kupanda chainizi, kijani kibichi, na kila siku anateka maji kuzimwagilia. Nyuma yake, mpaka kwenye mawe, ntumba zimelala.

Nilimuuliza kwa nini anajitesa na mboga mbali namna ile na maji.

Alitua ndoo, akajifuta uso. "Hizi ni za ile mashine ya karani, shemeji," alisema. Kisha akanyoosha mkono kuonyesha nyuma yake. "Shamba langu ni lile."